Maganda ya Ngazi Niliyoyapika

Alhamisi, mwezi wa pili. Mvua tangu alfajiri, ile mvua ya kwetu isiyo na haraka, inaanguka kama mufanyakazi anayelipwa kwa saa. Courant, umeme wetu, imekatika. Telefone iko karibu kuzima. Nitaandika mpaka izime, na ikizima kabla sijamaliza, basi Mungu amenihurumia.

Nimechoka.

Si uchovu wa mwili. Mwili wangu, uulize mtaa wetu wa Hewa Bora nzima: miaka hamsini na miwili, na bado napandisha mufuko wa maganda begani huku napiga mluzi. Leo kilichochoka ni ulimi. Sikujua ulimi unaweza kuchoka. Wangu umefanya kazi tangu nizaliwe bila likizo, hata siku ya misa.

Wenye kunisoma hapa mnanijua, mimi njo Papa Forage. Kwa mugeni: forage ni kutoboa kisima, na jina nililipata kwa sababu nilikaa Angola miaka sita, upande wa bahari, kwenye visima vya petroli. Nimeona bahari. Nimeona Wachina wakicheza karata na Wabrazili na wote wakiiba. Nimekula samaki ambaye mpaka leo sijui jina lake, wala yeye langu. Nilirudi Lubumbashi na viatu vya ncha ya chuma na hadithi. Viatu viliisha zamani.

Masomo yangu yaliishia mwaka wa pili wa sekondari, siku hesabu zilipoanza kuniletea herufi badala ya namba. Nilisimama, nikachukua kofia yangu, nikatoka. Hasara ilikuwa ya shule.

Sasa nieleze tena haya maganda, maana kila wiki kuna muntu ananiuliza kama nimerukwa na akili: maganda ya ngazi na petroli, wapi na wapi?

Ngazi ni matunda ya mungazi, wengine wanasema mchikichi. Ukishakamua mafuta inabaki kokwa. Ukivunja kokwa unatoa kiini, na ganda lake, gumu, jeusi, unatupa. Sasa shuka na mimi chini, kilomita mbili, tatu. Petroli na gazi havikai kule kama maji ndani ya pipa, vimelala ndani ya jiwe. Wanasukuma maji kwa nguvu ya shetani mpaka jiwe linapasuka, nyufa nyembamba kama unywele. Lakini jiwe ni kama mudomo wa mutoto anayekataa dawa: ukiacha tu kusukuma, linafunga. Kwa hiyo ndani ya maji wanatia chembe, ziingie katika nyufa na kuzishikilia wazi. Kwa kawaida ni muchanga. Na muchanga ni muzito, unaanguka mapema, unajaa mulangoni na kuacha vyumba vya ndani vimefungwa. Chembe za ganda ni nyepesi. Zinasafiri na maji mpaka chumba cha mwisho, zinakaa pale, zinashikilia, na petroli inapita katikati yao. Kisima kilichokuwa kinatoa kikombe kinaanza kutoa ndoo.

Hiyo sikuitunga. Nasema hivyo kwa sababu leo nataka niweke ya kweli upande wake na ya kutunga upande wake, na upande wa pili utahitaji nafasi kubwa.

Sharti ni moja tu. Chembe isivunjike. Jiwe lote la dunia linakaa juu yake. Ikivunjika inakuwa bunga, unga tu, na bunga halishikilii kitu, linaziba. Kisima ulichokuja kukiponya unakizika.

Kiangazi kilichopita niliandika hapa juu ya mambo haya, nikajisifu kama kawaida, na mama moja injenia wa kule pwani, upande wa magharibi, akasoma. Madame Solange. Aliandika, halafu alikuja mwenyewe. Nilimpokea kwenye uwanja wa ndege wa Luano na shati la mikono mirefu. Nilimleta nyumbani, na kabla sijafungua kinywa aliinama akaokota maganda pale uani.

Lazima mujue: uani kwetu pamemwagwa maganda ya ngazi kama changarawe, matope yasitushike. Ni kazi ya dada yangu mukubwa, Yaya Régine. Mama yetu alifanya hivyo Kabalo, ambako baba alikuwa mutu wa reli, na Yaya hajawahi kuacha desturi hata moja ya mama, hata ile ya kunipiga. Maganda yanamfikia kwa treni, mifuko kwa mifuko, kwa watu wa ukoo. Anayaosha, anayatandaza juani kiangazi chote, anayageuza asubuhi na jioni kwa mukono. Halafu anauma moja. Likikubali jino, linarudi juani. Likikataa, limekomaa.

Madame Solange aliweka ganda moja la Yaya juu ya kizingiti, akalikanyaga. Kiatu kiliteleza. Akalikanyaga tena. Akaniangalia.

Akasema, ananisemesha Kifaransa lakini naandika kwa lugha yetu: "Papa Forage, unaweza kunipa tani ya hii, imesagwa, imechekechwa, kabla ya mwisho wa mwezi wa pili?"

Nilipaswa kumwita Yaya nimuulize.

Nikasema: "Madame, tani? Kule Angola nilikuwa natoa tani kabla ya chai."

Hivyo njo ilivyoanza. Ba mama kumi na moja wa barabara yetu walikuja na mabeseni yao. Wengine ni wajane, wengine bwana yupo lakini ni kama redio mbovu, iko tu pale. Tulipata mashine ya kusaga ya jirani, ile ile ya mahindi, nikabadilisha mawe yake. Siku ya kwanza jirani alisahau kuisafisha, na nusu ya barabara ikala bukari, ugali wetu, yenye chembe nyeusi. Mpaka leo wanaiita bukari ya petroli. Ba mama walichekecha kwa chekeche tatu, kubwa, ya kati, ndogo, wakiimba nyimbo za kanisa na nyingine zisizo za kanisa. Nilikuwa natembea katikati yao, mikono nyuma, kama muzungu wa zamani. Nilikuwa na raha. Siwezi kuficha, nilikuwa na raha kabisa.

Halafu mvua.

Mwezi wa kumi na mbili hatukuona jua siku nzima hata mara moja. Maganda yalikuwa yamerundikana chini ya turubai, yanatokwa jasho, yanaota ukungu mweupe kama ndevu zangu. Na wiki ile ile Yaya Régine akasafiri Kabalo kwa kilio, shangazi yetu amefariki, akakaa wiki tatu. Aliniambia mulangoni, kifurushi kichwani: "Ungoye jua. Likikawia, na weye ukawie."

Mimi na kukawia ni wapi na wapi?

Pembeni yetu kuna furu ya mikate, tanuri la muoka mikate. Mikate ikishatoka, furu inabaki na moto wake bure, masaa matatu, manne, hakuna anayeutumia. Muntu mwenye akili anaona nini? Anaona kiwanda. Nilipeleka maganda yote mle, mufuko baada ya mufuko, siku nane. Yalitoka makavu, yanang'aa, yananukia kama kahawa. Mama Béa, yule mwenye ulimi mukali kati ya ba mama wetu, aliniuliza: "Papa Forage, hii njo vile banafanyaka kule?" Nikamwambia: "Mama Béa, hii ni teknolojia." Hakuuliza tena. Neno hilo ni kama bunduki, ukilionyesha tu inatosha.

Yaya aliporudi alichukua ganda moja, akaliuma. Nilisikia kra. Alitema mukononi, akaangalia.

"Ulipika," akasema.

"Nilikausha, yaya."

"Ulipika. Sawa vile mutu anapikaka karanga."

Nikamwelezea Angola. Nilimwelezea kwa nusu saa. Alikwenda kuvua kilemba chake. Mwenyewe nilijua. Hapa naandika ukweli: nilijua tangu ile kra. Nilikwenda nyuma ya nyumba, nikaweka chembe kumi juu ya jiwe, nikakanyaga. Zikawa unga mweusi, laini, unaoweza kupepea.

Nikajiambia kisigino si kipimo. Kisigino hakikusoma. Kama mimi.

Sasa leo.

Leo asubuhi Madame Solange, amerudi kwa ajili ya kipimo, alikuwa ananingoja upande wa Kasapa, kuna fundi moja mwenye mashine ya kugandamiza. Mpango ulikuwa hivi: nilete chupa ya chembe, zigandamizwe mbele yetu, zikisimama anabeba chupa kwa wakubwa zake, kesho asubuhi anapanda ndege Luano, na wiki ijayo tani inafuata. Kisima kimoja cha majaribio. Kikifaulu, kazi ya ba mama itakuwa kazi kweli, ya mwaka kwa mwaka.

Saa moja na nusu, mvua inanyesha, kila mutu ndani, niliingia chumba cha Yaya. Chini ya kitanda chake kuna mufuko moja wa kiangazi kilichopita, maganda ya jua, yaliyosagwa na kuchekechwa kwa mukono wake kabla ya mvua, ule wa mfano. Nilijaza chupa kutoka mle.

Sikutetemeka. Hilo njo linaniumiza. Nilijaza chupa kama muntu anayejaza chumvi.

Mashine ile ni kikombe kinene cha chuma na nguzo inayoshuka. Fundi alimimina chembe, akashusha nguzo, tukangoja. Mimi niliongea. Nilimwelezea fundi mashine yake mwenyewe. Baadaye alimwaga chembe katika chekeche, akatikisa, akatazama kilichoanguka chini. Vumbi kidogo, kama la kidole kilichopita juu ya meza.

Madame Solange alipiga makofi kama mutoto. Halafu akaniambia maneno ambayo ningependa asingeniambia.

"Papa Forage, kule kazini wananicheka. Wananiita mama wa karanga. Nimewaambia: tieni maganda katika kisima kimoja tu, na kisima kikifa, munitoe mimi kazini."

Nikamjibu, kwa sauti yangu nzuri: "Madame, hakuna kisima kilichowahi kufia mikononi mwangu."

Kweli tupu. Hakuna kisima kilichowahi kufika mikononi mwangu.

Basi niseme. Miaka sita ile Angola sikutoboa hata shimo la kupanda muhindi. Kazi yangu ilikuwa kisu. Mifuko ya muchanga ilikuwa inaletwa, mimi naipasua tumbo, mwenzangu anaimwaga katika mashine ya kuchanganya. Napasua, anamwaga. Kisima chenyewe kilikuwa mbele yetu mwendo wa dakika tano, nyuma ya waya, na hatukuwa na ruhusa ya kuvuka. Miaka sita nilisikia kisima kinaunguruma kama jirani nyuma ya ukuta. Hizo "nilimwambia bwana injenia", "nilishika usukani wa mashine", ambazo mmezisoma hapa, nilizisikia kwenye foleni ya chakula.

Lakini nilipasua mifuko vizuri. Hilo musiniondolee.

Na kuna siku moja mifuko ilikuja mibovu. Muchanga wa ndani ulikuwa mulaini mno, unashika mukononi kama bunga la muhogo. Mwenzangu alisema, "Hii haiko sawa." Nikasema, "Sisi ni kisu na mukono. Pasua." Tukapasua, tukamwaga wote. Siku mbili kisima kilikohoa. Siku ya tatu kilinyamaza. Mukubwa wa pale, muntu mwenye mwili kama kabati, alitoka nyuma ya waya, akageuza ndoo, akakaa juu yake, akashika kichwa. Hakupigia mutu kelele. Alikaa pale mpaka mvua ikaanza, na hakuinuka. Wiki ile alirudishwa kwao. Hakuna aliyetuuliza sisi ba kisu.

Hadithi hiyo sijawahi kuiandika. Haina mahali pa kujisifu.

Tuendelee na leo. Nilirudi nyumbani saa tano, maji yananitoka kama mufereji. Ba mama wote kumi na moja walikuwa wamejibana chini ya turubai wananingojea. Niliinua tu kidole gumba.

Vigelegele vile! Nafikiri ndege ya Luano ilivisikia.

"Papa Forage!" Mama Béa alipaza sauti. "Leo tunakuita injenia, ata kama hauna na diplome!"

"Diplome yake iko mu furu ya mikate!" mwingine akajibu, na wakaangukiana kwa kicheko.

"Kesho," akasema Mama Béa, na sasa hakuwa anacheka, "saa tatu, tunakuya bote hapa. Mi minaleta kuku. Ile ya rangi. Tena munkoyo ya kunywa iko tayari tangu jana, juu miye nilikuwa najua. Nilisema na bantu: Papa Forage anaongeaka sana, lakini yeye hatudanganyake."

Kuku ya rangi. Mama Béa ana kuku moja tu ya mayai.

Nilicheka na wao. Nilicheka mpaka mbavu zikauma, na zilikuwa zinauma kwa kitu kingine.

Yaya Régine hakuwa chini ya turubai. Alikuwa jikoni, anachochea mbabula, jiko letu la makaa, mgongo kwangu. Nilipoingia hakugeuka.

"Nani alikamata ku mufuko yangu?"

Ningeweza kusema panya. Nakiri niliifikiria panya.

"Miye, yaya."

"Juu ya nini?"

"Juu ile ya furu haiko na nguvu."

Alipuliza moto. Alipuliza muda mrefu, kama vile moto ulikuwa haujawaka, na ulikuwa umewaka.

"Ule mutoto wa mwanamuke," akasema, "alikanyaga maganda yangu hapa ku mulango. Aliniuliza jina ya mama. Alisema asanti kwa mama, na mama alishakufa. Weye sasa unamupatia mbegu muzuri mu chupa, na nyuma yake unamutumia maiti?"

"Yaya, ba mama wale—"

"Usiweke ba mama mbele. Ba mama hawakupika."

Nilisimama pale, muntu wa miaka hamsini na miwili, maji yananitona kwenye sakafu yake safi. Nilitafuta kitu cha kuchekesha. Siku zote kipo. Nilitafuta na hakikuwepo.

Yaya aligeuka. Alinipa kitambaa nijipanguse kichwa, halafu akanipa tambara lingine, amefunga ndani yake maganda ya furu. Alikuwa ameshayafunga kabla sijafika.

"Enda," akasema. "Bukari itakungojea."

Nilichukua pikipiki mpaka hoteli ya Madame Solange. Dereva aliniuliza njiani kama ni mimi yule Papa Forage wa Angola. Nikamwambia ndugu, angalia barabara, kuna mashimo.

Madame alishuka kunipokea na tabasamu, ameshika kalamu, alikuwa anaandika ripoti. Nilimwomba tutoke barazani. Sakafu pale ni ya vigae vyeupe. Nilimwaga chembe za Yaya chache, zilizobaki mufukoni mwa koti, nikakanyaga. Kiatu kiliteleza. Nikamwaga zile za tambara, nikakanyaga.

Kra.

Niliondoa mguu. Doa jeusi juu ya kigae cheupe, kama masizi ya sufuria. Upepo wa mvua ukalichukua nusu.

Hakuuliza nini hii. Ni injenia kweli.

"Tani yote?"

"Yote, madame. Isipokuwa mufuko moja. Mvua ilinikimbiza, nikatia katika furu ya mikate."

"Nani anajua?"

"Dada yangu. Na kisigino changu."

Hakucheka. Alikaa kwenye kiti cha barazani, kalamu bado mukononi, akashika kichwa kwa mukono ule mwingine. Nikaona ndoo. Naapa, niliona ile ndoo ya Angola chini yake.

"Mbona unaniambia sasa?" akauliza. "Kipimo kimepita. Mimi nisingejua mpaka kisima kife, na hapo ningesema labda ni jiwe, labda ni maji. Mbona unaniambia?"

Nikamwelezea mukubwa wa Angola, na muchanga mulaini, na mvua. Mara ya kwanza katika maisha yangu nilisimulia Angola bila kujiweka katikati. Inakuwa fupi sana.

"Lakini wewe ulikuwa mutoboaji," akasema. "Ungekataa kuumwaga."

"Hapana, madame. Nilikuwa napasua mifuko."

"Unapasua..."

"Kwa kisu. Miaka sita."

Aliniangalia. Halafu kitu kikamtoka, sijui niite kicheko au kikohozi. Akasema katika kazi yake amekutana na wanaume mia wanaosema walitoboa visima, na mimi ni wa kwanza kumwambia alikuwa wa mifuko. Akasema kwa furaha ndogo sana, kama anayetoa kibanzi kwenye kidole.

Halafu alipanda juu, akarudi na chupa yangu.

"Hii siwezi kubeba. Nikiibeba nitakuwa nimepika na mimi." Akaniwekea mukononi. "Nitawaambia hakuna maganda mwaka huu. Watanicheka, ni sawa, nimezoea. Mwezi wa saba, jua likiwa lenu, dada yako aniandalie mufuko moja. Yeye, si wewe. Nitakuja kuuma mwenyewe. Siahidi kitu, Papa Forage."

"Hata mimi sitaahidi, madame," nikasema, na nafikiri hilo lilimshangaza kuliko yote.

Nilirudi kwa miguu nusu ya njia. Chupa ndani ya koti, kama muntu aliyeiba akarudishiwa.

Yaya alinipokonya chupa. Alipiga magoti, akavuta mufuko chini ya kitanda, akamimina chembe ndani, zote, akagonga chini ya chupa ili ya mwisho ianguke. Halafu akaniwekea bukari na sombe, majani ya muhogo. Ilikuwa bado moto. Sijui aliipasha mara ngapi.

Nilipofika katikati ya sahani nikamuuliza: "Na tani yangu, yaya? Tunaifanya nini?"

"Inawaka muzuri," akasema. "Kushinda makala ya mbabula. Nilijaribu."

Nikaangalia mbabula. Ni kweli. Bukari niliyokuwa nakula ilipikwa na teknolojia yangu.

Hapo njo tulicheka, mimi na yeye, na mimi nikacheka mpaka nikalia, na Yaya akajifanya anatafuta chumvi.

Basi. Madame amejua, Yaya alijua zamani, sasa na ninyi mnaonisoma mumejua. Naona nimeandika mengi kuliko siku zote na kujisifu mara tatu tu. Nne, na ile ya kupasua mifuko.

Lakini ba mama hawajui.

Wamelala, ama wanalala, na neno lao "hatudanganyake". Kuna mama pale amekwisha mwambia mutoto wake atarudi shule. Najua kwa sababu mutoto alinisalimia leo kama bwana harusi. Wiki kwa wiki wamechekecha kitu ambacho mimi nilikuwa nimeshakiua. Na kama Yaya atakubali, kazi ya mwezi wa saba itaanza na mufuko moja, kwa mikono yake, kwa jua, polepole, na sitakuwa na nafasi ya kutembea katikati, mikono nyuma. Nitageuza maganda kama wao. Asubuhi na jioni. Ikiwa watanipa beseni.

Nimemwomba Yaya awaambie yeye, kwa sababu wanamwamini. Alisema: "Ni weye ulipika, ni weye utapakua."

Nimejaribu kuandaa maneno. Nimeyaandika hapa na kuyafuta mara tano. Kila sentensi inaanza na Angola. Ya kwanza: "Ba mama, kule Angola kuna desturi moja..." Nimefuta. Ya pili: "Ba mama, teknolojia ina siku zake..." Nimefuta, na nimeona haya mbele ya telefone. Sentensi ya kweli ina neno moja tu, na Yaya alishaisema tangu siku ile, mate ya ganda bado mukononi mwake.

Nilipika.

Watanifanya nini? Watanicheka? Kicheko nakijua, tumekua pamoja. Ninachoogopa ni wakinyamaza, wachukue mabeseni yao moja moja na kuondoka kwenye mvua bila kunitania. Mama Béa bila neno, sijawahi kumwona, na sitaki.

Mvua imepungua sasa. Kuna maji yanayotona kutoka kwenye turubai juu ya maganda ya uani, yale ya Yaya, miaka mingi yanakanyagwa na hayajawa unga.

Telefone inaniambia imebaki kidogo.

Saa tatu Mama Béa atafika na kuku ya rangi chini ya kwapa. Nitakuwa nimesimama mulangoni tangu saa mbili. Sitamwacha aketi, sitamwacha anipe mukono, sitamwacha aniite injenia. Nitasema lile neno moja kabla kuku haijachinjwa.

Angalau yeye abaki na mayai yake.